Pua Imezibwa, Pumzi Ipo

Usiku wa kwanza wodini, mgonjwa aliyenyooshwa ukuta wa kati wa pua haanzi kwa kusema anaumwa. Anaketi ghafla, anashika mkono wa nesi: "Sista, sipumui." Matundu yote mawili yamejazwa shashi kuzuia damu, na mwili uliozoea pua hauamini kwamba mdomo unatosha. Hapo dawa ya maumivu haifui dafu. Mvishe kipima oksijeni kidoleni, umgeuzie kioo asome asilimia 97 mwenyewe, kisha mpumue pamoja taratibu. "Umeona, mzee? Hewa inafika." Namba ikishuka chini ya 94 na kukaa huko, hiyo si hofu tena, aitwe daktari.

Kusema kweli, kazi hii ni ya jana yake, kabla ya upasuaji. Mgonjwa abane pua kwa vidole dakika chache, apumue kwa mdomo, anywe na maji vivyo hivyo. Masikio yatamziba kila anapomeza. Heri ashtuke saa hiyo kuliko saa nane za usiku. Aambiwe pia kwamba macho yatachuruzika, maana mfereji wa machozi humwagia puani, na kwamba meno ya mbele ya juu huweza kufa ganzi kwa wiki kadhaa. Hilo la meno husahaulika sana, na mtu akiligundua peke yake hudhani ameharibiwa.

Maumivu yenyewe ni ya kubanwa, kichwa kizito kama cha mafua makali. Alale kwa mito miwili au mitatu. Parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6 kwa mtu mzima, visizidi 8 kwa siku. Apewe kwa saa, asingoje mpaka aume meno. Brufen na aspirini zisubiri ruhusa ya mpasuaji, kwa sababu ya damu. Joto la Kisumu hukausha mdomo upesi: maji kidogo kidogo, mafuta midomoni. Supu ya samaki ruksa, ila ipoe.

Kutoa shashi ndiko kunakoogopwa zaidi. Vidonge vitangulie kwa dakika 45, shashi iloweshwe kwa maji ya chumvi, mgonjwa aegemee kitandani (wapo wanaozimia), bakuli chini ya kidevu, ivutwe polepole akitoa pumzi kwa mdomo.

Kamasi ya waridi isiwatie wasiwasi. Anayetisha ni yule aliyelala kimya huku koo likimeza, likimeza. Mmulike tochi nyuma ya kimio: damu huenda inashukia huko, shashi ya mbele ikiwa kavu kabisa.

Akirudi nyumbani, vumbi la bodaboda litamtafuta. Asipenge kwa wiki 2. Chafya ikija, afungue mdomo wazi, hata kama yuko kwenye matatu.