Ushuru wa sigara Uingereza: unapobana na unapovuja

Ukitua Uingereza nawe ni mvutaji, kitu cha kwanza kukushtua ni bei. Sehemu kubwa ya bei hiyo ni kodi, na imewekwa hivyo kwa makusudi ili uache.

Ushuru wa sigara una sehemu mbili: asilimia 16.5 ya bei ya dukani, pamoja na kiasi maalumu kwa kila sigara 1,000. Kisha inakuja VAT ya asilimia 20, inayotozwa hata juu ya ushuru wenyewe. Kiasi maalumu ndicho chenye meno. Chukua pakiti ya paundi 15: asilimia 16.5 ni kama paundi 2.48. Kampuni ikishusha bei hadi 12, sehemu hiyo nayo inashuka hadi 1.98, lakini kiasi maalumu hakisogei. Hata hivyo kampuni ziliendelea kutoa sigara za bei poa, ndipo Mei 2017 kikawekwa kiwango cha chini cha ushuru. Mwezi huohuo pakiti za sigara 10 zikapigwa marufuku. Hilo kwangu ni kubwa kuliko linavyosemwa, maana kijana mwenye hela kidogo hununua kidogo.

Panapovuja ni tumbaku ya kusokota. Inatozwa kwa kilo, na kwa miaka mingi ushuru wake kwa kila sigara ulikuwa mwepesi. Wengi badala ya kuacha walihamia huko: ukisokota nyembamba, gramu moja inatoa sigara mbili.

Kuhusu mizigo, msafiri anaruhusiwa kuingiza bila ushuru sigara 200 au gramu 250 za tumbaku. Ukizidisha, unalipia zote, siyo zile za ziada tu. Na usipozitangaza, zinataifishwa. Usikubali kumbebea mtu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba bei ikipanda asilimia 10, uvutaji katika nchi tajiri hupungua kama asilimia 4. Wanaobaki wanaumia mfukoni, hasa wenye kipato kidogo, kwa hiyo tumia huduma ya kuacha sigara ya NHS (huduma ya afya ya umma ya Uingereza), ni bure. Bandiko la nikotini, linalobandikwa kwenye ngozi, linakushikilia siku nzima. Hamu ikikubana ghafla, ongeza ubani wa nikotini. Utafune taratibu hadi ladha iwe kali, kisha uuegeshe kati ya fizi na shavu. Ukiutafuna mfululizo kama ubani wa kawaida, nikotini unaimeza, tumbo linachafuka, na hamu inabaki palepale.