Walisemezana wao kwa wao

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la juma hili ni Malaki 3:16: "Ndipo wale waliomcha BWANA waliposemezana wao kwa wao. Naye BWANA akasikiliza, akasikia. Na kitabu cha ukumbusho kikaandikwa mbele zake."

Andiko hili wengi tunalipenda kwa sababu ya kile kitabu. Leo naomba tukawie kwenye mazungumzo yaliyokitangulia. Nabii hasemi walihubiri, wala hasemi walifanya jambo kubwa. Walizungumza tu wao kwa wao, na Mungu akatega sikio.

Nimeliwaza neno hili nikisoma habari za ndugu wawili wa Ufaransa, Claude na Nicéphore Niépce, wa mji wa Chalon-sur-Saône. Claude alizaliwa 1763, mdogo wake akafuata 1765. Walikuwa watu wa kubuni vitu pamoja. Mwaka 1807 serikali ya Napoleon iliwapa hati ya uvumbuzi wa injini yao, iliyokuwa imesukuma mashua mtoni. Lakini injini ilihitaji wanunuzi. Mwaka 1816 Claude akaenda Paris kuwatafuta, baadaye akavuka bahari hadi Uingereza. Nicéphore akabaki kwenye nyumba ya familia, kijijini Saint-Loup-de-Varennes. Watu waliozoea kufanya kazi meza moja wakabaki na karatasi na wino.

Mei ya mwaka huo Nicéphore alimwandikia kaka yake kuhusu jaribio alilokuwa akilifanya: kuufanya mwanga wenyewe uchore picha. Lenzi ya chombo chake ilikuwa imevunjika. Akachukua kijisanduku cha pete cha mwanawe Isidore, akakifanya kamera ndogo. Lenzi aliipata kwenye hadubini ya jua ya babu yao, Barrault. Angalieni jinsi ukoo mzima ulivyomo katika kazi ile! Akaielekeza kamera nje ya dirisha lililo wazi, na kwenye karatasi iliyopakwa kloridi ya fedha, kemikali inayogeuka nyeusi ikipigwa na mwanga, likatokea banda la ndege lililokuwa uani.

Barua haikuficha kasoro. Alimweleza Claude kwamba picha imetoka kinyume, penye mwanga pana giza na penye giza pana mwanga. Akakiri kwamba hilo ni jaribio tu, bado halijakamilika. Tena hakuwa na njia ya kuizuia picha isiendelee kubadilika ikiwekwa kwenye mwanga. Kwa miaka iliyofuata aliendelea hivyo hivyo: dawa gani ameijaribu, ipi imemwangusha, na sasa anawaza nini. Mtu huwaandikia hivyo wachache sana. Mbele ya wageni tunapeleka kilichoiva; mbele ya ndugu ndipo tunathubutu kufungua kibichi.

Hatimaye alipata dawa inayoganda kwa mwanga, lami iitwayo lami ya Uyahudi, inayohusishwa na Bahari ya Chumvi. (Wasomaji wa Mwanzo 14 wanayakumbuka mashimo ya lami ya bonde la Sidimu.) Kwa lami hiyo, yapata 1826 au 1827, alipata kwenye bamba la bati mandhari ya dirisha lake. Bamba hilo lipo hadi leo, katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, na ndiyo picha ya kamera ya zamani kuliko zote tulizo nazo.

Mwaka 1827 alisafiri hadi Kew, karibu na London, kumwona Claude. Akamkuta mgonjwa, akili imevurugika, na mali ya familia imeteketea katika ile injini. Claude akafa mwaka uliofuata. Sioni kwamba Nicéphore alipoteza urithi tu. Alipoteza msomaji wake.

Mwaka 1829 aliingia mkataba na Louis Daguerre, mchoraji wa Paris, ili waendeleze uvumbuzi huo pamoja. Akafariki 1833, kabla ulimwengu haujajua alichokifanya. Uvumbuzi ulipotangazwa 1839, ulibeba jina la Daguerre. Isidore alipewa malipo ya kila mwaka pamoja na mshirika huyo, lakini jina la baba yake lilikuwa likififia. Mwaka 1841 mtoto yule, mwenye kile kijisanduku cha pete, alichapa kijitabu kumtetea baba. Mwaka 1867 Victor Fouque wa Chalon akaandika maisha ya Nicéphore akizitegemea barua zake. Nyaraka nyingine zilifika hadi Urusi, na mwaka 1949 zikachapishwa Leningrad. Barua hizo ndizo zilizorudisha ukweli mahali pake, kwa sababu zina tarehe na zina makosa, na mwandishi wake hakuwa akimshawishi mtu yeyote. Alikuwa akizungumza na kaka yake.

Hapo ndipo Malaki ananigusa. Wacha Mungu wale nao hawakuwa wakijiandikia historia. Siku zao zilijaa watu waliosema kumtumikia Mungu hakuna faida. Walifunguana mioyo, na Bwana akaona mazungumzo yao yanastahili kuandikwa. Naye Paulo, akiwa kifungoni na baridi ikikaribia, anamwagiza Timotheo amletee joho, na pamoja nalo vitabu, hasa vile vya ngozi (2 Timotheo 4:13).

Wapo miongoni mwetu wenye barua za marehemu baba chini ya godoro, zilizoandikwa kutoka mgodini, shuleni au jeshini. Wengine sauti ya mama imo ndani ya simu ambayo kioo chake kimepasuka. Wapo pia wanaobeba huduma ambayo haijatoka vizuri, na hawajamwambia ndugu hata mmoja kwa kuogopa kuonekana wameshindwa. Bwana awape mtu wa kumwandikia.

Ibada ya jumuiya Jumamosi hii itakuwa na nafasi ya kusoma. Mwenye barua ya mzazi, babu au dada aje nayo, hata kama ni ukurasa mmoja uliochakaa. Vijana wetu watazipiga picha kwa simu, ili kila familia iondoke na nakala yake.