Bibi amepikiwa uji

Jana jioni hapa Mikindani nilikaa barazani na binti wa dada yangu, yuko kidato cha pili, tukibangua korosho tulizozichoma huku tukipitia daftari lake la Kiswahili. Aliandika kwamba katika "Korosho zimebanguliwa na mama" kiima, yaani nomino inayotawala kitenzi, ni mama, kwa sababu ndiye aliyefanya kazi. Nilimwelewa kabisa, hata mimi niliamini hivyo miaka mingi. Nikamwambia atazame kitenzi: ZImebanguliwa. Hiyo zi- ni ya korosho, kwa hiyo korosho ndizo kiima. Mama ni mtenda tu, amesogezwa nyuma ya "na", na ukimwondoa sentensi bado inasimama.

"Sasa mama mdogo, shamirisho limekwenda wapi?"

Swali zuri mno! Shamirisho ni kile kinachopokea tendo: katika "Mama amebangua korosho" ni korosho. Katika sentensi yako limepanda, likawa kiima. Lakini si kila mara. "Mama amempikia bibi uji" ukiigeuza unapata "Bibi amepikiwa uji na mama". Bibi ndiye kiima, uji umebaki shamirisho palepale. Napenda sana Kiswahili kinavyofanya hivi.

Tukaendelea na mihogo, samaki, madafu, mpaka adhana ya magharibi.