Wazazi wa Texas wenye vijana wa miaka 15

Jamani wazazi wenzangu mlioko Houston na Dallas, msikimbilie kulipa mamia ya dola shule ya udereva kabla hamjajua hili. Huku Texas mzazi unaruhusiwa kumfundisha mwanao mwenyewe, ila kwanza uilipe TDLR, yaani idara ya leseni ya jimbo, dola 20 upate mwongozo wao, na usianze kabla maana masaa ya nyuma hayahesabiwi kabisa. Kozi ya darasani masaa 32 mnanunua pembeni, leseni ya mwanafunzi dola 16, halafu masaa 44 ya ndani ya gari, mengine lazima usiku.

Mi binti yangu nilimwanzishia paking ya kanisa ikiwa tupu, kila akikanyaga breki mkanda unatubana wote wawili, juzi kaingia haiwei na mvua ile, kaangalia kioo, kawasha indiketa, kapita vizuri kabisa yani nimefurahi mno!!

Hiyo 20 siilalamikii, ila bei ya kozi kwa familia iliyotoka kambi ya wakimbizi juzi tu na ina vijana watatu inauma sana, wangewapunguzia kwa kweli. Anayekwama kujaza fomu anicheki inboksi tujaze pamoja.