Nauli ya Msondo: Kutoka Likoni Hadi Bagamoyo

Nimekuwa mlezi wa kikundi cha vijana cha maigizo huku Likoni tangu nilipostaafu ualimu, na kwa muda huo wote safari zetu zilikuwa za Kwale na Kilifi, za kuondoka alfajiri na kurejea kabla ya isha. Kwa hiyo ulipotufikia mwaliko wa kwenda Bagamoyo, kwenye Tamasha la Sanaa na Utamaduni ambalo lilianza mwaka 1982, mtaa mzima ulikuwa na habari hata kabla kamati haijaketi kuijadili. Mwaliko wenyewe ulitupa jukwaa na muda wa kuonyesha, basi. Nauli, malazi na chakula vilikuwa juu yetu. Shirika linalotufadhili, ambalo sitalitaja, lilikubali kulipa nauli ya watu 14 kwa sharti kwamba tuonyeshe mchezo wa mimba za utotoni, kwa kuwa ndio lililougharamia. Tulikubali. Mwenye njaa hachagui sahani, ingawa mwenyekiti wetu, binti wa miaka 22 anayesomea ushonaji, alikubali akiwa amenuna.

Tulikata tiketi za kutufikisha Msata, njia panda ya kuingilia Bagamoyo, na wakala wa Mombasa akatuandikia kwa mkono wake kwamba mizigo imo ndani ya nauli. Nasisitiza jambo hilo mapema kwa sababu karatasi ile ilikuja kutugharimu. Mizigo yetu ilikuwa sanduku la maleba na ngoma za sengenya, mchezo wa Wadigo wa Pwani: msondo mmoja mrefu, chapuo mbili, vumi, pamoja na upatu, ile sahani ya chuma ya kugongwa, na zumari, vilivyofungwa ndani ya kanga. Viti vya basi vilikuwa vimetengenezwa kwa watu wasio na magoti. Mpakani Lunga Lunga hakukuwa na la kusimulia, isipokuwa wabadilishaji fedha, ambao kila mmoja alikuwa na bei yake na wote kwa pamoja walikuwa na bei mbaya.

Tanga ndiko mambo yalikoanza kuharibika. Basi letu lilitangaza kwamba haliendelei, na abiria wote tukafaulishwa kwenye basi jingine lililokuwa tayari limejaa nusu, lenye kondakta mwingine ambaye hakuwa na habari yoyote ya makubaliano yetu. Alizitazama ngoma kwa muda mrefu, akatazama buti, kisha akatuambia tupande. Tulidhani yameisha.

Basi lilisimama Segera, ambapo barabara ya Tanga inakutana na ile itokayo Moshi kwenda Dar es Salaam, ili watu wale na kujisaidia. Nilikuwa nimeagiza chipsi mayai kwa bei ambayo huku kwetu ningepata kuku mzima, au karibu na mzima, niliposikia sauti za vijana wangu zikipanda. Kondakta alikuwa ameshusha ngoma zote nne na kuzipanga chini kando ya lami. Alitaka shilingi elfu kumi za Tanzania kwa kila ngoma, kwa maelezo kwamba zimekula nafasi ya mizigo ya abiria wengine na hivyo ni abiria. Mwenyekiti akatoa karatasi ya wakala. Kondakta akaisoma kwa makini, akamrudishia kwa adabu kabisa, na kusema kwamba aliyeiandika yuko Mombasa na ngoma ziko Segera. Mwenyekiti akasema hatulipi hata senti. Nilimuunga mkono wakati ule, na namuunga mkono hadi leo, ijapokuwa mweka hazina wetu ana maoni tofauti. Vijana wote wakateremka kuzilinda ngoma, abiria wengine wakaanza kulalamika kwamba wanacheleweshwa, dereva akawasha gari, na kabla sijaimaliza sahani yangu basi lilikuwa limeshika barabara ya Chalinze, na sanduku letu la maleba limo ndani.

Kwa muda hakuna aliyesema kitu. Wauza machungwa ya Muheza, vijana wa bodaboda na wapagazi wa kituo walikuwa wameshajikusanya kututazama, kama ilivyo ada popote penye ugomvi. Ndipo kijana wetu mmoja, ambaye katika kila mchezo hupewa nafasi ya mlevi, alipoubeba msondo, akauketisha juu ya benchi la mama lishe, akaufunika kanga mabegani na kuuagizia wali kwa maharage. Alieleza kwamba abiria huyu hajala tangu Tanga. Mama mwenye banda hakucheka. Akauliza, kwa uso mkavu, kama abiria huyo atalipa kabla ya kula au baada ya kula, maana wenye matumbo makubwa anawajua.

Basi hapo pakalipuka. Kijana mwingine akaweka kofia yake upande na kuwa kondakta. Akaudai msondo kitambulisho, akauuliza umri, akataka kujua kama utalipa nauli ya mtu mzima au nusu. Kila swali mpiga ngoma wetu alilijibu kwa niaba ya abiria kwa kuugonga msondo, pigo moja zito kwa kukubali, na vishindo vingi vya haraka kwa kukataa, na hadhira ikaanza kupokezana kutafsiri majibu hayo kwa sauti. Upatu ukatolewa kwenye kanga. Watu waliokuwa wakila kwenye mabanda ya mbali wakaja na sahani zao mkononi.

Niseme hapa kwamba wiki baada ya wiki, mahali palepale na siku ileile, kikundi chetu huonyesha mchezo wa kusimamishwa katikati. Hadithi ikifika penye mgogoro, mwezeshaji huwazuia waigizaji na kuwauliza watazamaji nani angefanya vingine, na mwenye rai huingia jukwaani kuchukua nafasi ya mhusika. Njia hii ilitoka kwa Augusto Boal, mwongozaji wa michezo ya kuigiza wa Brazili, na nchini Kenya imeenea kupitia miradi ya afya ya vijana. Kwetu Likoni, kusema kweli, watu huingia jukwaani kwa kusukumwa, na wakishaingia husema lile wanalojua kwamba tunataka kulisikia. Pale Segera mwenyekiti alipousimamisha mchezo kwa mazoea yake, alijitokeza mtu mzima mmoja mwenye beseni la machungwa kichwani. Alilitua chini, akamnyang'anya kijana wetu ile kofia na kuivaa yeye.

Alisema alifanya kazi ya utingo kwa miaka mingi kabla mgongo haujamkataza. Kisha akaacha kutueleza sisi, akaugeukia msondo. Aliuambia kwamba mwenye gari anataka hesabu yake kila jioni, kiasi kilekile, mvua inyeshe au jua liwake. Kwamba ndani ya kinachobaki mna mafuta, mna faini za barabarani, na mna chakula cha dereva. Kwamba abiria waliofaulishwa Tanga walikuwa wameshalipa huko walikotoka na fedha yao haikumfikia yeye isipokuwa sehemu tu, na ile ya mizigo haikumfikia kabisa. "Wewe ulimlipa wakala," aliuambia msondo, "mimi ulinipa nini? Na nikifukuzwa kazi jioni hii, utanilisha?"

Mpiga ngoma alikuwa ameinua mkono. Hakujua apige lipi. Watu wakamngojea, na yeye akamtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akatutazama sisi wengine, ndipo hatimaye akaingia mwenyewe na kumuuliza yule mzee kwa nini hakusema maneno hayo kule Tanga, mbele ya kila mtu, badala ya kuwashusha watu njiani. Yule mzee alijibu kwamba Tanga kulikuwa na wakala, na wakala ndiye anayempangia zamu. Kutoka hapo mjadala haukuwa wetu tena. Bodaboda wakaanza kuzungumzia mikataba yao na wenye pikipiki, mama lishe akaeleza ushuru anaotozwa, na mtu mmoja akamtetea mwenye basi, kwamba naye ana mkopo wa benki. Mpita njia angedhani ni mkutano wa hadhara uliokosa mwenyekiti wa kijiji.

Nimekuwa nikiutafakari mchana ule tangu hapo, hasa nikiulinganisha na michezo tunayolipwa kuionyesha. Katika mchezo wetu wa mimba za utotoni mna mwanamume mwenye gari, mna binti anayependa simu, mna mama asiye na habari, na mwisho mwanamume anafungwa na binti anarudi shule. Nimeutazama mara nyingi, na sijapata kumsikia yule mwanamume akisema sentensi moja ambayo mwanamume wa kweli angeisema. Hakuna aliyewahi kumuuliza anafikiri nini. Watazamaji huujua mwisho tangu anapoingia, kwa sababu mwisho huo umeandikwa katika mkataba.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakafanya kazi na vijana wa kijiji, na jambo lililoibuka lilikuwa hilohilo la mimba za wasichana wa shule. Tofauti ni kwamba kule walianza kwa kuwauliza wanakijiji shida yao ni ipi, wakaijadili, ndipo wakaingiza ngoma na maigizo yao wenyewe. Na kwetu Kenya, kule Kamiriithu karibu na Limuru, wakulima na vibarua walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao na kuigiza maisha yao kwa Kikikuyu mwaka 1977. Serikali ya wakati huo iliona uzito wa jambo hilo kuliko wafadhili wengi wa leo, maana ilifuta kibali cha mchezo, na mwaka 1982 ikauvunja ukumbi wenyewe.

Kikundi chetu kiliwahi kuonja kitu cha namna hiyo. Kabla hatujapata mfadhili yeyote, vijana walitunga mchezo kuhusu mawakala wanaowapeleka wasichana wa Pwani kufanya kazi za ndani Saudia na Qatar, kwa sababu dada wa mmoja wao alikuwa ameondoka na simu yake ilikuwa imenyamaza. Waliuonyesha chini ya mwarobaini, bila maleba. Akina mama walibaki baada ya mchezo wakiwa na nakala za mikataba ya binti zao, wakitaka kusomewa, na wakala mmoja alikuja wiki iliyofuata kujitetea, akapewa nafasi. Ukiniuliza mafanikio ya kikundi hiki ni yapi, sitataja kwanza vikombe vilivyo kabatini, wala vijana waliopata karo, wala yule anayesoma matangazo redioni, ingawa wote hao ni fahari yetu. Nitautaja mchezo ule, ambao uliachwa mara tu fedha zilipoanza kuingia, kwa kuwa haukuangukia katika mada ya mtu yeyote.

Kuondoka Segera tulipanda basi jingine jioni, tukalipa nauli upya kwa watu wote, na jumla yake ilikuwa zaidi ya mara tatu ya kile alichokidai yule kondakta kwa ngoma. Fedha zilizotupwa ndani ya upatu zilitosha chai na maandazi. Basi la pili halikutoza ngoma chochote.

Bagamoyo tuliingia usiku, tukalala katika nyumba ya wageni iliyotoza bei ya tamasha kwa maji ya ndoo na chandarua chenye tundu. Wanaotaka habari za magofu ya Kaole watazipata kwingine. Mimi nilishinda kwenye simu nikitafuta sanduku la maleba, ambalo lilipatikana Dar es Salaam na kurudishwa kwa ada ya kuhifadhiwa, baada ya mchezo wetu kwisha. Tuliigiza kwa nguo za safari. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na sasa kinaitwa TaSUBa, kina wanafunzi wanaocheza ngoma kwa namna inayomfanya mtu mzima asimame bila kujijua, na vijana wangu walikaa mbele kila jioni wakijifunza kwa macho. Sisi tulipangiwa mchana. Tulipigiwa makofi ya heshima. Binti alirudi shule kama kawaida.

Nyumbani, mfadhili ameipokea taarifa yetu na kuipitisha, isipokuwa nauli ya Segera, ambayo ameikataa kwa kuwa haikuwamo katika bajeti. Kamati imeamua kuilipa kwa kuufanya ule mzozo wa kondakta kuwa mchezo kamili, na kuuonyesha katika ukumbi wa kijamii kwa kiingilio, jambo ambalo hatujawahi kulijaribu mtaani kwetu. Kikao cha mwisho kilivunjika bila kuafikiana. Mweka hazina anataka kila mtu alipe shilingi 100, mwenyekiti anataka 50, na mpiga ngoma bado hajaamua msondo utamjibu nini yule mzee wa machungwa, kwa hiyo mazoezi hayajaanza.