Lightning Bolt: besi moja, dramu moja, na sakafu ya ukumbi

Mtu akisikia bendi ya Lightning Bolt kwa mara ya kwanza bila kuwaona, hesabu humpotea. Atakwambia kuna magitaa mawili, besi, mpiga dramu, na mtu mwingine anayefoka kupitia simu mbovu. Kumbe wako wawili tu: Brian Gibson kwenye besi, Brian Chippendale kwenye dramu na sauti. Walianza mwaka 1994 mjini Providence, Rhode Island, Marekani, katika mazingira ya chuo cha sanaa cha Rhode Island School of Design. Siku za mwanzo walikuwa na mwenzao wa tatu, Hisham Bharoocha. Alipoondoka, nafasi yake haikupewa mtu. Besi ndiyo iliyogeuzwa mpaka ikabeba kazi ya watu watatu, na kwa kuwa utamu wa bendi hii uko hapo, nitaanza nayo.

Besi ya kawaida ina nyuzi E, A, D, G, na kutoka uzi mmoja hadi mwingine ni nusutoni tano (nusutoni ni hatua ya freti moja, yaani kile kipande cha chuma kinachokata shingo). Gibson alichukua mpangilio wa selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa amekaa: C, G, D, A, ambapo kila hatua ni nusutoni saba. Ukitaka kufika huko ukitokea besi ya kawaida, D huigusi. E inashuka nusutoni nne, A inashuka mbili, na G inapanda mbili. Nyuzi zikiwa wazi, zile za kawaida zinakupa upana wa nusutoni 15 kutoka chini hadi juu. Hizi zinakupa 21. Ala imevutwa pande zote mbili, chini ikaingia kwenye eneo la ngurumo na juu ikaingia kwenye eneo la gitaa.

Faida kubwa zaidi iko kwenye kidole. Laza kidole kimoja juu ya nyuzi mbili jirani, freti ile ile, na tayari una noti ya msingi pamoja na ya tano yake. Ndiyo kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) nzito ya roki, na kwenye besi ya kawaida inakuhitaji vidole viwili vilivyoachana freti mbili. Hapa inakuja bure, na unaweza kuikimbiza shingo nzima bila kubadilisha umbo la mkono. Skeli kuu nayo inakuwa nyepesi kukumbuka: wazi, freti ya 2, 4, 5 kwenye uzi mmoja, halafu wazi, 2, 4, 5 tena kwenye uzi mwembamba unaofuata, na umemaliza oktava, yaani umefika kwenye noti ile ile uliyoanzia, ila juu zaidi.

Ila mkono unalipa. Kwenye besi ya inchi 34, yaani kama sentimita 86, kutoka freti ya 1 hadi ya 6 ni takriban sentimita 20. Hakuna kiganja cha kawaida kinachotulia hapo. Umbo lile lile ukilipandisha, kutoka freti ya 12 hadi ya 17, ni sentimita 11 hivi. Ndiyo maana vipande vya kasi vya Gibson husikika vikitokea juu ya shingo, na ndiyo maana hugonga nyuzi kwa mikono yote miwili badala ya kutegemea mkono wa kushoto peke yake. Wanaojaribu kuiga nyimbo zao wakiwa na E-A-D-G huishia kulaumu vidole vyao, wakati tatizo ni tyuni, yaani mpangilio wa nyuzi.

Sasa nyuzi zenyewe. Ukichukua uzi wa E wa .105 (unene kwa inchi) ukaulegeza mpaka C, mkazo unapungua kwa zaidi ya theluthi. Uzi utapiga kelele kwenye freti na noti itapanda kila ukiupiga kwa nguvu, kisha itashuka polepole kurudi mahali pake. Tumia uzi wa B wa seti ya besi ya nyuzi tano, wa .130 hivi, ukaupandishe nusutoni moja tu. Kabla ya hapo angalia mfereji wake kwenye daraja dogo la kichwani: ulichongwa kwa .105, kwa hiyo uzi mnene utakaa juu bila kuzama. Panua kidogo kidogo kwa tupa nyembamba ya mviringo, ukijaribu kila baada ya mikwaruzo michache, kwa sababu ukizidisha kina hakirudi. Mkazo wa jumla ukibadilika shingo nayo hujipinda upya, kwa hiyo iache siku moja kabla ya kugusa chuma cha ndani ya shingo kinachoinyoosha, na ukigusa usizidishe robo ya mzunguko kwa mara moja.

Kwa A ya juu, Gibson anajulikana kwa kutumia uzi wa banjo. Sababu unaiona ukifanya hesabu: uzi wa G wa kawaida ukipandishwa nusutoni mbili unaongezewa mkazo kwa takriban robo nzima, unakuwa mgumu kama waya wa uzio, na haupindiki unapotaka noti ilie. Uzi mwembamba unapindika, unalia, na ukipitishwa kwenye kwaruzo la pedali, kile kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti, unatoa sauti ya gitaa kabisa. Lakini nyuzi za banjo mara nyingi huishia na kitanzi, hazina ile punje ya shaba ambayo daraja la besi hushika. Usitupe uzi uliokatika. Kata mwisho wake, toa punje, iingize ndani ya kitanzi cha uzi wa banjo, vuta hadi kitanzi kikae kwenye mfereji wa punje, kisha pitisha kama uzi wowote. Kule kichwani mfereji utakuwa mpana mno na uzi utacheza humo ukitoa mlio wa nyuki. Kipande kidogo cha karatasi ngumu chini yake kinatuliza kwa usiku mmoja. Dawa ya kudumu ni kuweka daraja jipya lililochongwa kwa unene huo.

Kwaruzo la besi, yaani distosheni, lina siri yake. Noti ya msingi na ya tano zina uwiano wa 2 kwa 3, na zikisukumwa pamoja kwenye distosheni zinazaa noti ya tofauti, yaani 1, ambayo ni oktava chini ya ile ya msingi. Vidole vimeshika noti mbili, spika inatoa tatu. Ukijaribu hivyo na noti ya tatu badala ya ya tano, hasa huku chini, unapata uji. Kwa hiyo tyuni ya selo na distosheni hazikukutana kwa bahati. Moja inailisha nyingine. Gibson huongeza pedali ya Whammy inayorusha noti oktava nzima, na hapo besi inaacha kabisa kujifanya besi.

Anayetaka kujenga sauti ya namna hii agawanye mawimbi mapema: njia moja ibaki safi, iende kwenye amplifaya ya besi; nyingine ipite kwenye pedali, iende kwenye amplifaya ya pili. Bila njia safi, distosheni hula sehemu ya chini na chumba kinabaki na mchanga mtupu. Makosa mawili hutokea hapa karibu kila mara. La kwanza ni amplifaya mbili kusukuma hewa kinyume: moja inasukuma mbele wakati nyingine inavuta nyuma. Piga C iliyo wazi na amplifaya moja, halafu washa ya pili. Kama sauti ya chini imepungua badala ya kuongezeka, geuza nyaya mbili za spika moja, au bonyeza swichi ya kugeuza mawimbi kama kigawanyio chako, yaani kisanduku kinachogawa sauti njia mbili, kinayo. La pili ni mvumo wa umeme unaotokana na amplifaya mbili kuunganishwa ardhini mara mbili. Tiba yake ni kigawanyio chenye transfoma ndani. Kamwe usikate pini ya ardhi kwenye plagi. Mvumo utaondoka, na kinga yako dhidi ya kupigwa shoti itaondoka nayo.

Barakoa ya Chippendale huwachekesha wageni, lakini ni kifaa cha kazi. Ni kitambaa kilichoshonwa kwa mkono, kimebana kichwa, na ndani yake mna maiki iliyotolewa kwenye mkono wa simu, ikiwa imegusa mdomo. Mpiga dramu anayetikisa kichwa hawezi kuifuata maiki iliyo kwenye stendi, na maiki ya stendi ingemeza matoazi yote. Mdomo ukiwa umegusa maiki, sauti inaingia kwa nguvu kiasi kwamba huhitaji kufungua amplifaya sana, na hivyo maiki haipigi mluzi haraka. Simu kwa desturi hubeba kati ya Hz 300 na 3,400, kwa hiyo maneno hayasikiki vizuri, ila sauti inapenya juu ya besi kama msumari. Ukitaka kutengeneza yako, tumia kipande cha sikioni, kile cha simu ya zamani: ni spika ndogo, na ukiigeuza inafanya kazi ya maiki bila betri. Maiki ya mdomoni ya simu za zamani huwa ya kaboni, ambayo haisemi bila umeme. Kinachoua vifaa hivi ni jasho. Ziba viungo vya waya vilivyolehemiwa kwa gundi ya moto na ufunge waya fundo ndani ya kitambaa ili ukivutwa using'oe kiungo.

Halafu sakafu. Kuanzia mwaka 1995 Chippendale alikaa Fort Thunder, ghorofa ya kiwanda cha zamani katika mtaa wa Olneyville mjini Providence, makazi aliyoyaanzisha pamoja na msanii Mat Brinkman. Wasanii waliishi humo, wakachapa mabango, wakachora katuni, wakapigisha bendi. Mwaka 2001 walitolewa, na jengo likavunjwa. Desturi ya humo bendi iliondoka nayo: kupanga vyombo sakafuni, watu wakizunguka, na kuanza mara tu bendi iliyotangulia inapomaliza noti yake ya mwisho, bila kumpa mtu nafasi ya kwenda kunywa maji.

Sakafuni mambo hubadilika. Dramu ya mguu husonga mbele kila pigo, kwa hiyo zulia zito ni lazima, na spika zilizopandana zifungwe kwa mkanda kwa sababu umati utaziegemea. Miili ya watu hunyonya sauti za juu kuliko za chini. Ukipanga sauti chumba kikiwa kitupu, kikijaa utasikia giza. Acha makali kidogo zaidi ya unavyopenda. Na vaa vizibo vya masikio. Kwa kipimo cha desibeli 85 kwa saa nane, kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15.

Kwa santuri, ninayempenda nitampa *Wonderful Rainbow* ya 2003 kwanza, ambapo kasi na nyimbo vimeshikana. *Ride the Skies* ya 2001 ni mbichi zaidi, na *Hypermagic Mountain* ya 2005 ni ndefu na inachosha kwa raha. *Fantasy Empire* ya 2015, iliyorekodiwa studio ya Machines with Magnets, ndiyo safi kuliko zilizotangulia, na humo unaweza kutenganisha uzi wa chini na wa juu kwa sikio. Jaribu kuisikiliza kwenye spika nzuri, kisha kwenye redio ndogo. C ile ya chini ni Hz 33 hivi, na spika ya redio ndogo haiwezi kuitoa hata kidogo. Distosheni imeacha noti nyingi juu yake, zote zimepangana kwa umbali wa Hz 33, na sikio linazitumia kuirudisha noti ambayo spika haikuitoa.