Jumamosi Msituni Karura

Jana nilimpeleka mpwa wangu mwenye umri wa miaka tisa katika msitu wa Karura kwa mara ya kwanza. Sisi tunaishi Dandora, upande ambao madirisha hufungwa hata usiku wa joto kwa sababu ya moshi wa jalala. Tulipanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi, tukalipa kiingilio, na fedha zilizotumika zingetutosha kwa chakula cha siku mbili.

Tulipofika penye maporomoko ya maji alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mjomba, watu wa huku huchomea taka zao wapi?"

Huzichomea kwetu. Tangu jalala la Dandora lilipofunguliwa katika miaka ya 1970, malori yamekuwa yakimwaga pale taka za Nairobi nzima, zikiwemo za mitaa ya kitajiri inayopakana na msitu huu, na hata lilipotangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, malori hayakukoma. Taka za Muthaiga hufika Dandora kila wiki. Mtoto wa Dandora amefika karibu na Muthaiga akiwa na miaka tisa. Sikumjibu hivyo. Nilimwambia tu kwamba lori huja kuzichukua, naye akatikisa kichwa, kwa maana malori hayo anayajua.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira yako Gigiri, kando ya msitu uleule. Mwaka 2007 shirika hilo lilitoa utafiti uliowapima watoto 328 wanaoishi karibu na jalala letu, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Watoto hao sasa ni watu wazima, wengine wana watoto wao, na jalala bado liko palepale.

Simwonei kijicho anayekimbia asubuhi chini ya miti ile. Msitu wenyewe ungekuwa majumba leo kama Profesa Wangari Maathai na wenzake wasingekubali kupigwa Januari 1999 walipokwenda kupanda miti katika ardhi iliyokuwa imegawiwa wajenzi. Ninaamini walikubali kuumia ili msitu ubaki mali ya umma, na katika umma huo namhesabu pia mtoto ambaye mama yake huokota chupa jalalani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, bila kutaja mtaa anakoishi.

Usiku mpwa wangu alikohoa kama kawaida. Asubuhi ameniuliza kama tunaweza kurudi Jumamosi ijayo pamoja na dada yake mdogo, nami nimekaa nikihesabu nauli ya watu watatu.